Pikipiki ya Baba Kwenye Milima ya Njombe

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kabla hata safari haijaanza. Mafuriko yalikuwa yamepita mashambani kule bondeni na kuacha mpunga umelala kwenye matope. Mashine ya kukoboa niliyokuwa naitunza pale Kibiti ilikuwa mbovu kuliko nzima. Mimi ni fundi. Nilianza na injini za boti kule delta ya Rufiji, nikaja kwenye mashine za kukoboa, na kila aliyekuwa na kitu kinachonguruma alikuja kunigongea. Jioni nilikuwa narudi nyumbani mikono inanuka dizeli, sina hamu hata ya kuongea.

Mama alikuwa anakaa kwangu. Alikuwa mtu mzima sana, mwembamba, mkali wa maneno, na miguu yake ilivimba masika yalipoingia. Baba alikuwa ameshafariki. Alituachia nyumba, minazi kidogo na pikipiki yake, pikipiki ya Kiingereza ya zamani yenye tanki la kijani lililofifia na mlio mzito kama wa mtu anayekohoa taratibu. Alikuwa bwana shamba wa pamba enzi za mkoloni na baada yake, na pikipiki ile ilimfikisha Bungu, Ruaruke, mpaka Umwe karibu na mto. Mara nyingi mama alikuwa nyuma yake, kajitanda kanga, kashika kapu. Maisha yake yote pikipiki ile haikuwahi kuona mlima. Mwinuko mkubwa kuliko yote iliyoujua ni ile barabara ya kutoka bondeni kuja Kibiti.

Basi siku moja lori lililoshusha viazi Dar es Salaam likaja kwetu kutafuta nazi na mchele wa kurudi nao bara. Likaharibika pampu ya mafuta mbele ya kibanda changu. Dereva wake, mtu wa Njombe, mpole, alishinda kwangu wakati nahangaika na ile pampu, na mama akampelekea chakula. Katika mazungumzo yule dereva akasema kijijini kwao kuna ukoo mmoja watu wanauita ukoo wa Mrufiji.

Mama alikuwa anaondoka na sahani. Akasimama.

"Mrufiji gani huyo?"

"Sijui, mama. Babu yao alitoka huku kwenu, zamani sana, wakati wa Mjerumani. Inasemekana alikuja amebebeshwa mzigo wa askari."

Mama akaiweka sahani chini na kukaa kwenye gurudumu la akiba la lile lori. Alikaa pale mpaka pampu ikapona.

Nilijua anawaza nini, maana habari ile nililelewa nayo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Mbuchi, ndani kabisa ya delta. Vita vya Maji Maji vilipofika huko alikuwa mtoto mdogo. Askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, walikuja na mashua kutafuta wanaume wa kubeba mizigo yao bara. Mama yake akamwingiza kwenye mikoko, wakakaa humo maji yamewafika kifuani mpaka mashua zilipoondoka. Lakini kaka yake alikuwa ameshabalehe, alikuwa shambani anafukuza ndege wasile mpunga, na hakupata nafasi ya kujificha. Walimchukua pamoja na wengine, wakawafunga kamba shingoni, wakapanda nao bara. Vita vikaisha, ikaja njaa, nayo ikaisha. Wachache walirudi. Yeye hakurudi. Bibi alizeeka akiwauliza wageni habari za kaka yake, mpaka watu wakawa wanamwonea haya. Alipokuwa anakata roho alimshika mama mkono, akamwambia akisikia lolote, aende yeye mwenyewe, asitume mtu.

Usiku ule mama hakula. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nipeleke."

"Mama, Njombe ni mbali. Tutakwenda na basi gani na wewe huwezi basi?"

Ni kweli hakuweza. Gari lililofungwa likimfikisha Bungu tu anakuwa ametapika mpaka anazimia. Na mabasi yenyewe miaka ile yalikuwa ya kugombania. Petroli nayo ilikuwa ya kutafuta kwa kujuana.

"Sikusema basi," akanijibu. "Pikipiki ya baba yako ipo."

Mke wangu alicheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Nilimjua mama.

Nilichukua muda kuiandaa. Nilibadilisha mnyororo, nikasafisha breki, nikaifungua kabureta yote na kuichemsha kwenye maji, nikaifunga tena vile vile baba alivyokuwa ameipanga. Kule kwetu ilikuwa haina kasoro, unapiga kiki mara moja inaitika. Nilimtengenezea mama kiti cha nyuma kwa mto wa pamba na kumwekea chuma cha kuegemea. Dumu la petroli nikalifunga pembeni. Mke wangu akatufungia maandazi na samaki wa kukausha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Akichoka, rudini. Usimsikilize."

Mpaka Dar es Salaam ilikuwa mchanga na mashimo. Tulilala kwa shangazi yangu, mimi nikiwa na mgongo kama uliopigwa rungu. Mama alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, lakini aliposwali isha alilala kama mtoto. Kuanzia hapo ilikuwa lami. Tukalala Morogoro, tukapita Mikumi asubuhi tembo wakiwa kando ya barabara, mama kaniinamia mgongoni anasoma kila dua aliyoijua. Injini ilikuwa inaimba. Nilianza kudhani safari itakuwa nyepesi.

Ilikuwa Kitonga ndipo ilipotukataa.

Asiyepafahamu Kitonga, pale barabara inaacha bonde la mto na kupanda ukuta wa mlima kwa kujikunja kunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Malori yanapanda kwa gia ya kwanza yakilia kama ng'ombe. Tulianza vizuri. Tulipofika katikati nikasikia injini inapoteza nguvu. Ninavyozidi kuongeza mafuta ndivyo inavyozidi kulegea. Ikaanza kumisi, inawaka kwa kukatakata, ikatoa moshi mweusi, ikapasua kwa kishindo kwenye ekzosi, ikazima. Nikaibana breki isirudi nyuma. Mama akashuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu bila kuambiwa.

Jambo la kwanza nililolifikiri ni petroli chafu. Miaka ile wauzaji walikuwa wanaichanganya na mafuta ya taa. Nikamwaga kidogo kiganjani, nikanusa, nikaiacha ikauke. Ilikuwa safi. Nikafungua plagi, nikaikuta nyeusi tititi, imejaa masizi kama sufuria ya kuni. Nikaisugua kwa msasa, nikairudisha, nikapiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka, tukapanda hatua chache, ikafanya vile vile. Nikakagua umeme. Nikakagua tanki, labda tundu la mfuniko limeziba. Hakuna kilichokuwa kibaya. Ninaziba, nafungua, naziba, na kila lori linalopita linatumwagia moshi wake usoni.

Nilikaa chini kwenye mfereji. Nakumbuka uchovu wa saa ile vizuri kuliko uchovu mwingine wowote wa maisha yangu. Haukuwa wa mwili peke yake. Nilikuwa nimechoka na vitu vinavyoharibika. Nilikuwa nimekuja mpaka huku juu kumtafuta mtu aliyepotea kabla mama yangu hajazaliwa, na hata chombo cha kunifikisha kimenigomea, na mimi ndiye fundi.

Mama alikuwa ametangulia kwa miguu akidhani nitamkuta mbele. Nilimwona amekaa juu ya jiwe kwenye kona, mkono kifuani. Nikamkimbilia.

"Unaumwa?"

"Siumwi." Alivuta pumzi, akavuta nyingine. "Hewa ya huku mbona haishibishi? Naivuta, naivuta, haitoshi. Kule kwetu mtu unavuta mara moja unatosheka."

"Tumepanda juu sana, mama. Huku hewa nyepesi."

Nilimjibu hivyo kama mtu anavyojibu asichokifikiria. Nikamshika mkono turudi chini mpaka ilipo pikipiki apumzike kivulini, na tulipokuwa tunatembea maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Huku hewa nyepesi. Kama mama anavuta hewa haimtoshi, na injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo. Kabureta ya baba ilikuwa imepangwa kwa hewa ya Kibiti. Ilikuwa inamimina petroli ya Kibiti kwenye hewa ya mlimani, petroli nyingi kwa hewa haba, ndiyo maana plagi imejaa masizi na ekzosi inatoa moshi mweusi. Injini haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inazama kwenye mafuta.

Niliona haya kidogo, lakini sikuwa wa kulaumiwa. Miaka yote niliyofanya kazi nimeifanya usawa wa bahari. Hakuna aliyewahi kuniletea boti iliyopanda mlima.

Nikaifungua kabureta pale pale kwenye mfereji, nikatandaza kanga moja ya mama nisipoteze vipande. Ndani yake kuna sindano nyembamba inayoning'inia na kupanda unapozungusha mkono wa mafuta. Kichwani ina vijino, na kibanio kidogo kinashika kijino kimoja. Ukikihamisha kibanio kwenda juu, sindano inakaa chini zaidi, na petroli inayopita inakuwa kidogo. Baba alikuwa amekiweka katikati. Nikakipandisha mpaka kijino cha juu kabisa. Halafu nikailegeza skrubu ya hewa pembeni, robo kwanza, kisha robo nyingine, nikisikiliza. Mama alikuwa ananitazama huku anajipepea.

"Unaijaza hewa?"

"Siwezi kuijaza hewa. Naipunguzia mafuta."

"Haya," akasema. "Na mimi nipunguzie maneno."

Nikapiga kiki. Ikawaka kwa sauti ambayo sikuizoea, kavu zaidi, lakini safi. Tukapanda Kitonga yote taratibu, gia ya pili, lori likitutangulia na lingine likitufuata kama msindikizaji. Juu kabisa nilisimama nitazame plagi. Ilikuwa inaanza kugeuka rangi ya kahawia. Nikamwonyesha mama kama mtoto anayeonyesha alama za mtihani. Akasema hajui anaonyeshwa nini lakini anaona nimefurahi.

Furaha ile haikudumu. Baada ya Iringa barabara iliendelea kupanda, si kwa ghafla, kidogo kidogo, kwenye mashamba na misitu ya misonobari, na baridi ikaanza. Mama alivaa koti langu juu ya kanga na baibui, mimi nikabaki na shati na gazeti kifuani. Karibu na Makambako injini ikaanza tena kuwa nzito ninapoitaka mwendo. Sindano nilikuwa nimeishusha mpaka mwisho. Dawa iliyobaki ilikuwa kubadilisha jeti, kile kitobo cha shaba kinachopitisha petroli, niweke yenye tundu dogo zaidi. Jeti ya pikipiki ile ungeitafuta nchi nzima usiipate.

Nilifanya nilichoweza. Kwenye duka moja niliomba kipande cha waya wa taa kilichokatika, nikauchuna, nikatoa uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele. Nikaupitisha katikati ya tundu la jeti na kuukunja ncha zote mbili usichomoke. Tundu likawa jembamba kwa kadiri ya ule uzi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, jeti iliniponyoka mara kadhaa kwenye vumbi, na mama ndiye aliyekuwa anaiona kila mara ilipoanguka, macho yake ya uzee yakiwa makali kuliko yangu. Ilipowaka nilijua imekubali. Haikuwa na nguvu kama ya nyumbani, na wala haingeweza kuwa nayo. Lakini ilikwenda bila kulalamika.

Tulifika kwenye kijiji cha yule dereva jua likiwa limeegemea milima. Nyasi zilikuwa fupi, ng'ombe wanene, nyumba za matofali ya kuchoma, na moshi wa kuni ulikuwa umelala chini haupandi. Mama alishuka akashindwa kunyoosha miguu. Nilimbeba mikononi mpaka kwenye baraza ya nyumba tuliyoelekezwa, na hakukataa, na kule kutokataa ndiko kulikonionyesha amechoka kiasi gani.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa rika la mama, mrefu, amevaa koti zito na kofia ya sufu. "Kamwene," akatusalimu kwa kilugha chao, na alipoona hatuelewi akarudia kwa Kiswahili. Nikamweleza sisi ni nani na tumetoka wapi. Aliposikia Rufiji, alimtazama mama vizuri. Kisha akaingia ndani, akarudi na jogoo kamshika mabawa, akanikabidhi mimi pamoja na kisu.

"Mchinje wewe," akasema. "Sisi tumebatizwa. Marehemu baba alituambia akija mgeni kutoka kwao, mwacheni achinje mwenyewe, asije akashindwa kula kwa haya."

Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Tulikula karibu na moto. Mama alimwuliza habari za baba yake taratibu, kama mtu anayekanyaga kwenye utelezi. Jina lake? Mzee akasema hapa kila mtu alimwita Mrufiji, na yeye mwenyewe akaitikia, na jina la kwao kama alimtajia mtu, basi alimtajia mke wake, naye amekufa siku nyingi. Alifikaje? Alibeba mzigo wa askari. Aliugua miguu, wakamwacha njiani. Watu wa hapa walimwokota na kumpa uji, akakaa, akapewa shamba, akaoa.

"Kwa nini hakurudi?" mama akauliza.

"Nilimwuliza nikiwa kijana. Alisema aliyaona yaliyofanyika njiani wakati anakuja, vijiji vilivyochomwa, na hakutaka kupita tena njia ile. Alisema labda kwao nako hakuna mtu aliyebaki."

"Alisema ana dada?"

Mzee alifikiri. Nilitamani aseme ndiyo. Nadhani na yeye alitamani, maana alimtazama mama kwa huruma. Lakini alikuwa mtu mkweli.

"Hakusema, dada yangu. Alikuwa hasemi sana habari za huko. Alisema mto tu."

"Mto upande gani? Mbuchi? Umwe? Ruaruke?"

"Mto tu. Na kwamba mpunga wake unanukia."

Kuni zikaporomoka, mtu akazisogeza. Mama akasema, "Wote mpunga wao unanukia."

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mzee akatupeleka kwenye makaburi ya ukoo, juu ya kilima, nyuma ya shamba la viazi. Makaburi yote yalikuwa na misalaba na yalilala upande mmoja. Moja tu lililala kwa kukatiza, halina msalaba, limezungushiwa mawe, na jiwe moja limesimamishwa kichwani. Mzee akasema baba yake alimwonyesha mwenyewe kwa kijiti jinsi ya kumlaza aelekee kibla, akamkaririsha mara nyingi asije akakosea, kwa sababu alijua hakutakuwa na mwingine wa kumwelekeza.

Mama aliomba maji ya kutawadha. Yalikuwa ya baridi kali, alitetemeka, lakini hakutaka yapashwe moto. Akakaa chini kando ya yale mawe, na mimi nikakaa nyuma yake, tukasoma. Baadaye aliinama, akazungumza na lile kaburi kwa sauti ya chini, kwa Kindengereko, lugha ambayo alikuwa anaitumia na bibi tu. Nilisikia jina la bibi. Mengine sikuyashika. Alizungumza muda mrefu. Mzee wa watu alikuwa amevua kofia yake, upepo unampiga kichwani, hakuivaa mpaka mama alipoinuka.

Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza, "Mama, ndiye?"

Alikuwa ameshika bega langu kwa mkono mmoja.

"Sijui, mwanangu. Mama angejua. Mimi sikuwahi kumwona." Tukatembea kidogo. "Kama si mjomba wangu, basi kuna mwingine kule kwetu alimlilia mpaka akafa. Nimemwambia maneno ya mama. Kama si yake, atayafikisha."



Mzee alitaka tukae, lakini kifua cha mama kilikuwa kimeanza kubana, na nilimwogopea ile baridi. Alitupa viazi tusivyoweza kubeba vyote, na blanketi. Alimwita mama "dada yangu" tena wakati wa kuagana, na mama akamwitikia "kaka." Injini ilikataa kuwaka kwa baridi, vijana wa pale wakaisukuma mtelemkoni na mama akiwa ameshapanda, kwa sababu alisema akishuka hatapanda tena.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Mama alikohoa mgongoni kwangu kutoka Njombe mpaka Iringa, na nilikuwa nahisi kila kikohozi kwenye uti wa mgongo. Injini nayo ilitaka uangalizi wake kinyume nyume. Nilivyokuwa nimeipunguzia mafuta kwa ajili ya mlima, ndivyo ilivyokuwa sasa inapata hewa nyingi kuliko petroli kadiri tunavyoshuka, na injini ikikosa petroli inapata joto mpaka pistoni inang'ang'ania. Tuliposhuka Kitonga nilisikia inaanza kugonga. Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu, nikasimama, nikasubiri ipoe, nikauchomoa ule uzi wa shaba na kuirudisha sindano katikati, mahali pa baba. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Nilikuwa nasinzia nimesimama. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alimpa mama chai ya tangawizi na kumwegemeza kwenye magunia yake, na mama akalala pale mpaka nilipomaliza.

"Umepata joto?" nikamwuliza alipoamka.

"Nimepata hewa," akasema.

Tulifika Kibiti wote wawili hatujiwezi. Mama alilazwa kwa sababu ya kifua, kisha akapona, lakini miguu yake haikurudi kama zamani, na mke wangu alininunia muda mrefu kwa hilo. Alikuwa na haki.

Nyumbani habari zilienea kabla hatujazieleza. Ndugu walikuja kutoka delta. Mama mdogo, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alisema hatuwezi kumchukua maiti wa watu tukamfanya wetu kwa sababu tu alibeba mzigo. Waliobeba mizigo walikuwa wengi. Angekuwa ndiye mjomba, alisema, angemtaja dada yake hata usingizini, na huyo mzee angesikia. Alinigeukia na mimi, akaniuliza mtu mzima na akili zangu nilimpeleka mgonjwa kwenye barafu kwenda kufanya nini. Nilikuwa nimechoka mno kubishana, na sehemu ya yale aliyoyasema nilikuwa nimeyafikiri mimi mwenyewe njia nzima.

Mama alimwacha amalize, akamwuliza kama ameshakula. Kisha akasema anataka kusoma hitma, kile kisomo cha kumwombea marehemu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba hitma ya yule mjomba haikuwahi kusomwa. Bibi alikuwa anakataa. Kila watu wa nyumbani walipomshauri asome ili moyo utulie, alisema huwezi kumsomea mtu ambaye huenda yuko njiani. Na baada ya bibi kufa hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo miaka yote ile, tangu Mdachi, katika ukoo wetu mtu yule alikuwa hajafa. Alikuwa hajarudi tu.

Tulisoma hitma siku ya Ijumaa, baada ya swala. Watu walikuja kutoka Bungu na Ruaruke, na wengine kwa mashua kutoka Mbuchi, wengi wao vijana wasiojua hata anayesomewa ni nani. Nilifanya kazi ya kubeba maji na kuni tangu alfajiri. Mwalimu wa madrasa aliyeongoza kisomo alipofika mahali pa kumtaja marehemu, akamgeukia mama apewe jina. Mama akalitaja lile jina la mjomba wake, lile ambalo bibi alikuwa anaulizia kwa wageni. Halafu akaongeza, kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Na yule Mrufiji aliyelala Njombe."

Mwalimu akawataja wote wawili.

Mama mdogo alikuwa amesema hatakuja. Alikuja wakati wanawake bado wanapika, amebeba ungo wa mchele mpya wa kwao, akapita nyuma bila kusalimia watu, akakaa jikoni na wanawake wengine kuchambua. Mama alimsogezea kibao. Wakakaa pamoja wakichambua mchele, na mimi nikaenda kujilaza chini ya ukuta wa nyumba, kwenye kivuli, nikalala palepale mpaka wageni walipokuwa wameondoka wote.